Siku ya Tatu Mpe Jembe: Wakimbizi wa Burundi na Utulivu wa Moyo Magharibi mwa Tanzania

Watu waliofukuzwa na vita huumia mara mbili. Huumia kwanza kwa yale waliyoyaona: ndugu waliouawa, nyumba zilizochomwa, safari ya usiku isiyojulikana mwisho wake. Kisha huumia kwa maisha yanayofuata: kusubiri mgao, kuomba kibali cha kwenda mahali ambapo wengine huenda bila kumwuliza mtu, kukaa mwaka baada ya mwaka bila kujua nani ataamua kesho yao. Maumivu ya kwanza hayafutwi na amri ya serikali yoyote. Ya pili yanatokana na maamuzi ya watu, na maamuzi ya watu hubadilika. Historia ya Warundi waliokimbilia magharibi mwa Tanzania tangu 1972 inatufundisha kwamba mkimbizi hustahimili kiwewe cha vita kwa kadiri anavyopewa nafasi ya kuiongoza siku yake mwenyewe: kulima, kuuza, kuomboleza kwa desturi yake, kuabudu, kuamua magomvi yake na kutembea. Nafasi hiyo ikibanwa, hakuna ushauri nasaha unaoweza kuziba pengo lake. Hiyo ndiyo hoja ya insha hii, na ina wapinzani wanaostahili kujibiwa kwa heshima.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, katika maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac kando ya Ziwa Tanganyika, na watu wengi, hasa Watutsi, wakauawa na waasi. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima na kuendelea kwa miezi. Waliolengwa walikuwa Wahutu, na mbele ya wote wale waliosoma: walimu, wanafunzi, watumishi wa serikali, viongozi wa dini, askari. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 100,000 na 300,000, na Warundi huuita msiba huo ikiza. Wengi walifukiwa katika makaburi ya halaiki bila jamaa zao kuwapo. Kwa mila ya Kirundi, kufiwa kuna hatua zake. Kuna mkutano wa kwanza baada ya maziko, na baada ya muda mrefu, pengine mwaka, huja kuganduka, ambapo jamaa na majirani hukusanyika, hunywa pamoja, huyamaliza mambo ya marehemu, na wafiwa huachiliwa warudi katika kazi na furaha za kawaida. Aliyekimbia mwaka ule mara nyingi hakuwa na mwili wa kuzika, kaburi la kulitembelea wala jirani wa kushuhudia. Alivuka mpaka akiwa bado matangani, na matanga yake hayakuwa na siku ya kuanuliwa.

Wengi walivuka ziwa kwa mitumbwi au kupita porini hadi vijiji vya Kigoma. Serikali ya Tanzania haikutaka wakae karibu na mpaka. Kwa makubaliano na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, na shirika la makanisa lililojulikana kwa kifupi TCRS, iliwahamishia ndani ya nchi katika maeneo makubwa yaliyoitwa makazi. Ulyankulu, mkoani Tabora, ilifunguliwa 1972. Katumba, katika wilaya ya Mpanda, 1973. Na Mishamo 1978, ili kupunguza msongamano wa Ulyankulu ambako ardhi na maji havikutosha. Yalikuwa mapori ya miombo yenye mbung'o na wanyama wakali. Kila kaya ilipimiwa hekta 5 hivi, ikapewa zana na mbegu, na chakula cha msaada mpaka mavuno yatoshe. Julius Nyerere, katika maandishi yake ya 1962 kuhusu Ujamaa, alikuwa amekwisha kuitumia methali ya wahenga kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sera ya makazi ilikuwa methali hiyo iliyofanywa kuwa mpango wa nchi. Ilipofika 1985, mashirika ya kimataifa yalikuwa yamekabidhi makazi yote matatu kwa serikali, kwa kuwa watu wake walikuwa wanajilisha. Nyerere mwenyewe alitunukiwa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa huduma yake kwa wakimbizi.

Tusilitazame jembe hili kwa macho ya uchumi peke yake. Ni kweli kwamba mahindi, mihogo na maharage yaliwalisha wakulima hao, na tumbaku ikawapatia fedha. Lakini shamba lilifanya kazi nyingine ambayo haikuandikwa katika ripoti za mavuno. Mtu aliyevurugwa akili na mauaji hupoteza kwanza mpangilio wa muda: usiku haulaliki, mchana hauna umbo, na jana ya kutisha huingia leo bila kubisha hodi. Kilimo humrudishia kalenda. Kuna majira ya kukata miti, ya kupanda, ya kupalilia, ya kuwafukuza nguruwe mwitu wasimalize mazao, na kila majira yanadai mikono yake. Zaidi ya hayo, shamba humrudishia mtu cheo chake mbele ya wenzake. Baba mwenye ghala anaweza kumwoza mwanawe. Mama mwenye mihogo anaweza kumkaribisha mgeni. Nyumba yenye mtama au ndizi inaweza kutengeneza pombe ya msiba. Desturi ya kuomboleza hugharimu chakula, na mtu anayeishi kwa kibaba cha msaada hana cha kuwaandalia waombolezaji. Kwa hiyo ardhi ilifungua tena mlango wa matanga. Waliokufa Burundi hawakupata makaburi, lakini waliofariki Katumba na Mishamo walizikwa na majirani, wakalishiwa watu, na matanga yao yakawa na mwisho. Jamii iliyokuwa imenyang'anywa uwezo wa kuzika wafu wake ilianza kuupata tena.

Juu ya shamba yakasimama mambo mengine. Vijiji vya makazi vilipangwa kwa barabara zenye namba, na kila barabara ikawa mtaa wenye sura yake. Makanisa, ya Kikatoliki, ya Kianglikana na hasa ya Kipentekoste, yalijengwa kwa nguvu za waumini wenyewe. Kwaya zikaundwa, zikashindana, zikasafiri. Msikilizaji wa nyimbo za injili Tanzania wa miaka ya kaseti alilijua jina la Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, hata kama hakuwahi kujua kwamba namba ile ni namba ya barabara katika makazi ya wakimbizi. Kuimba kwa sauti nne kunadai mambo ambayo kiwewe huyavunja: kufika kwa saa iliyopangwa, kuisikiliza sauti ya jirani, kupumua kwa pamoja, kurudia mpaka liwe sawa. Humruhusu mtu kulia hadharani bila kuulizwa analia nini. Hakuna aliyeiita kazi hiyo tiba, wala haikufanywa kwa ajili ya tiba. Lakini mtu anayetaka kujua watu wale walivukaje miaka ya kwanza kabla neno msongo halijawa mada ya semina, na ayatazame mazoezi ya kwaya ya jioni sawasawa na anavyoyatazama mashamba.

Njia nyingine ilikuwa kusimulia. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyeishi Mishamo na mjini Kigoma katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995, alikuta kwamba watu wa Mishamo walikuwa na historia yao iliyopangwa kwa makini: asili ya Burundi, ujio wa kila kundi, ukoloni wa Wajerumani na Wabelgiji, 1972, kukimbia, na maisha ya makazini. Watu tofauti katika vijiji tofauti walisimulia karibu mambo yaleyale kwa mpangilio uleule. Kila tukio lilikuwa na maana na kila maana ilikuwa na funzo. Mtu aliyenusurika peke yake ana vipande vya picha visivyoungana. Jamii iliyokaa pamoja na kusimulia huviunga vipande hivyo, na maumivu ya mmoja huwa sehemu ya habari ya wengi. Kutoka swali la kwa nini mimi, mtu huhamia swali la tulifikaje hapa na tunaelekea wapi. Hilo la pili lina uzito wake, lakini hubebwa na watu wengi kwa pamoja.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoibuka, na ni pingamizi zito. Masimulizi yaleyale yaliyowapa watu wa Mishamo utulivu yaliwapa pia adui wa milele. Malkki alionyesha wazi kwamba historia ile iligawa watu kuwa wema na waovu kwa kabila, na haikuacha nafasi ya Mtutsi mwenye huruma wala Mhutu mwenye hatia. Chama cha Palipehutu, ambacho tawi lake baadaye lilipigana vita ya msituni Burundi kwa miaka mingi, kilianzishwa na Rémy Gahutu hukohuko Mishamo mwaka 1980. Mtu anaweza basi kusema kwamba kuwaachia wakimbizi wajitulize kwa njia zao ni kuwaachia wapike chuki. Sikatai ukweli huo. Lakini tujiulize kwa nini kumbukumbu iligeuka jiwe Mishamo. Watu wale walipewa ardhi, ila hawakupewa njia. Hawakuruhusiwa kutoka makazini bila kibali cha mkuu wa makazi, waliishi mbali na wenyeji katika pori lililotengwa kwa ajili yao peke yao, na walilalamika kwamba wanatumikishwa kama vibarua na maofisa waliowatazama kama watu wa daraja la chini. Mtu aliyefungiwa na watu wa historia moja, asiyemwona yeyote wa kumpinga wala wa kumwoa, atabaki na historia moja.

Uthibitisho uko katika nusu ya pili ya utafiti uleule. Mjini Kigoma waliishi Warundi wengine wa 1972, waliokimbia mauaji yaleyale, pengine kwa mitumbwi ileile. Wao hawakupelekwa makazini. Walifanya biashara ndogondogo na kazi za mikono, walioa na kuolewa na wenyeji, baadhi walichukua majina ya Kiislamu, na walipoulizwa asili yao walitoa jibu lililofaa kwa siku ile. Hawakuwa na historia moja iliyopangwa, wala hawakuitafuta. Dawa yao ilikuwa kuchanganyika: kuwa jirani, mteja, shemeji, muumini wa msikiti au kanisa, kabla ya kuwa mkimbizi. Asili yao ni ileile, msiba wao ni uleule na miaka yao ya uhamishoni ni ileile. Kilichotofautiana ni uhuru wa kutembea na kuishi kati ya watu. Kwa hiyo ulinganifu wa Mishamo na Kigoma unalijibu pingamizi kwa kuliongezea hoja: jembe bila njia hutuliza tumbo na kuukaza moyo. Mkimbizi anahitaji shamba na soko, kaburi na harusi, watu wa kumbukumbu yake na watu wasioijua.

Lakini pia njia bila ruhusa ina gharama yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Marc Sommers aliwafuata vijana wa Kirundi waliozaliwa au kukulia makazini na kutoroka kwenda Dar es Salaam, ambako walifanya kazi katika vibanda vya ushonaji, wengi wakisaidiwa na wachungaji na mafundi wa Kipentekoste kutoka makazi yaleyale. Vijana hao hawakuiona 1972 kwa macho yao. Hata hivyo walikuwa na hofu ambayo wazazi wao waliwapa pamoja na maziwa: hofu ya kukamatwa, ya kutambuliwa kwa matamshi, ya Mtutsi anayedhaniwa kuwa amejificha mahali fulani mjini. Waliishi kwa siri, wakapunguza safari, wakalala walikofanyia kazi. Cherehani iliwapa kipato, kanisa likawapa ndugu, na Kiswahili walichosomea katika shule za makazini kikawapa namna ya kupita bila kutiliwa shaka. Vitu vitatu hivyo viliwashikilia. Lakini kwa kuwa sheria haikuwatambua mjini, kila tiba waliyojipatia ilibidi ifanyike gizani, na giza lenyewe likaendelea kulisha hofu.

Mlango wa pili wa historia hii ulifunguliwa tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa na Burundi ikaingia katika vita ya miaka mingi. Mamia ya maelfu ya watu walivuka mipaka. Miezi michache baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi na kutua Benaco, wilayani Ngara. Tanzania ya miaka hiyo haikuwa ile ya 1972. Uchumi ulikuwa umeyumba, vyama vingi vimeanza, na idadi ya wageni ilikuwa ya kutisha. Sera ikageuka. Badala ya makazi yenye hekta 5, zikaja kambi za turubai karibu na mpaka. Badala ya jembe, mgao wa mahindi, maharage na mafuta. Na Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikaimarisha utaratibu uliomtaka mkimbizi asivuke kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Mgeni sasa alitakiwa abaki siku ya pili, miaka yote.

Matokeo yalionekana katika kambi ya Lukole, Ngara, ambako Simon Turner alifanya utafiti mwishoni mwa miaka ya 1990. Wakazi wake walikula, walitibiwa, watoto walisoma. Lakini wanaume walilalamika kwamba hawana tena maana nyumbani: chakula hutoka kwa UNHCR, paa hutoka kwa UNHCR, na walisema kwamba shirika hilo sasa limekuwa mume bora kuliko wao. Wazee walinung'unika kwamba vijana na wake hawawaheshimu tena. Waliopata mahali pa kusimama walikuwa wale waliojipatia jukumu: viongozi wa mitaa, waajiriwa wa mashirika, wafanyabiashara wa sokoni, na bashingantahe, yaani waamuzi wa kimila waliokaa kusuluhisha magomvi ya majirani. Wengine walitafuta nafuu mahali pabaya. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2000 kuhusu kambi za Tanzania ilieleza ukubwa wa ukatili dhidi ya wanawake, uliofanywa na waume zao majumbani na pia na watu wengine porini walikokwenda kuokota kuni. Si halali kumsamehe mkatili kwa kuwa amekosa kazi. Ni halali, na ni lazima, kusema kwamba tulijenga mahali ambapo nguvu za mtu hazikuwa na pa kwenda, kisha tukashangaa zilikokwenda.

Wakati uleule ndipo lugha mpya ya maumivu ilipoingia kambini. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilikuwa kimeorodhesha rasmi ugonjwa unaofuata mshtuko mkubwa, kutokana kwa sehemu na hali ya askari waliorudi kutoka Vietnam. Katika miaka ya 1990 mashirika ya misaada yalianza kupeleka elimu hiyo kwenye kambi za wakimbizi, na ushauri nasaha ukawa huduma kama ilivyo chanjo. Haja ilikuwepo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu wakimbizi wa Rwanda na Burundi waliokuwa kambini ulikadiria kwamba karibu nusu yao walikuwa na matatizo makubwa ya afya ya akili. Kutoka hapo linakuja pingamizi la pili: je, kusifu jembe, kwaya na bashingantahe si njia ya kukwepa wajibu wa kutoa matibabu? Mtu aliyepooza kwa sonona, anayesikia sauti, anayetaka kujiua, ataambiwa akalime? Jibu ni hapana, na hoja hii isitumiwe kamwe kumnyima mgonjwa dawa. Wapo wanaohitaji daktari wa akili, na madaktari hao walikuwa wachache mno kuwahudumia ipasavyo katika kambi za miaka ile kama ilivyo leo vijijini kwetu. Lakini nusu ya kambi haiwezi kutibiwa mmojammoja chumbani. Hata mwongozo wa kimataifa wa 2007 kuhusu afya ya akili katika dharura, uliotungwa na kamati ya pamoja ya mashirika ya Umoja wa Mataifa na wenzao, unapanga huduma kwa ngazi: chini kabisa usalama na mahitaji ya msingi, juu yake familia na jumuiya, kisha msaada wa wahudumu waliofundishwa, na juu kabisa wataalamu kwa wachache wenye hali nzito. Ulichoandika mwongozo huo ndicho watu wa Katumba walichokuwa wakikifanya tangu 1973, isipokuwa ile ngazi ya juu waliyonyimwa.

Mtu anaweza kusema bado kwamba huu ni mfano wa nchi moja, na kwamba waliokimbia 1972 na waliokimbia 1993 hawafanani. Ndiyo maana inafaa kuutazama ushahidi mpana zaidi. Mwaka 2005 Matthew Porter na Nick Haslam walichapisha uchambuzi uliojumlisha ripoti 56 zenye watu zaidi ya 67,000, wakiwalinganisha waliohamishwa na vita na wasiohamishwa, kutoka pembe nyingi za dunia. Waliohamishwa walikuwa na hali mbaya zaidi ya akili, jambo lisiloshangaza. Linalotuhusu ni kwamba ubaya huo haukuwa sawa kwa wote. Walioishi katika makao ya pamoja yanayosimamiwa na taasisi walikuwa na hali mbaya kuliko walioishi katika nyumba zao. Waliobanwa kiuchumi walikuwa na hali mbaya kuliko walioweza kufanya kazi. Na waliorudishwa katika nchi waliyoikimbia, au ambao mgogoro wao haukuwa umetatuliwa, waliumia zaidi. Kwa maneno mengine, kambi yenyewe, ukosefu wa kazi na kutojulikana kwa kesho ni visababishi vyenyewe. Haya ndiyo yaliyotenganisha Kigoma na Lukole.

Pingamizi la tatu ni la serikali, na ni la kweli kwa kiasi chake. Ardhi haiongezeki. Nchi maskini haiwezi kumpimia kila anayevuka mpaka hekta 5, na wakazi wa Kagera na Kigoma walibeba gharama ya misitu iliyokatwa na ujambazi ulioongezeka. Wapiganaji walijificha kambini. Yote hayo yalitokea. Lakini tuangalie hatua zilizochukuliwa kwa jina la usalama na tupime matunda yake. Mwishoni mwa 1997 jeshi liliendesha msako katika vijiji vya Kigoma na kuwapeleka kambini maelfu ya wageni, miongoni mwao Warundi waliokaa na wenyeji tangu 1972, wenye mashamba, wake na watoto wa hapohapo. Watu waliokuwa wamepona kwa kulima walifanywa wakimbizi upya, wakiwa na ndoo na kadi ya mgao. Hakuna usalama uliozalishwa kwa kumng'oa mkulima kwenye mahindi yake. Na pale hekta 5 haziwezekani, yapo mambo yasiyohitaji hekta: soko la pamoja ambapo mkimbizi na mwenyeji wanauziana, kibali cha kufanya kazi, ruhusa ya kwenda kumzika jamaa kijiji cha jirani, nafasi ya kuchagua viongozi wa mtaa, shule inayotoa cheti kinachotambuliwa. Gharama ya mambo haya ni ndogo kuliko mgao wa miaka 20.

Tanzania yenyewe ilithibitisha jambo hili kwa tendo ambalo nchi chache duniani zimelifanya. Mwaka 2007 iliamua pamoja na Burundi na UNHCR kufunga faili la 1972. Watu wapatao 218,000 wa makazi matatu waliulizwa wanataka nini. Kama asilimia 80 walichagua uraia wa Tanzania, waliosalia wakachagua kurudi Burundi. Maombi ya zaidi ya watu 162,000 yalikubaliwa mwaka 2010. Kisha ukaja ucheleweshaji unaofundisha kuliko hotuba. Raia wapya walitakiwa kwanza wahame makazi na kutawanywa mikoa mingine, na vyeti vikashikiliwa. Kwa miaka minne watu waliojilisha kwa miongo mitatu walisita kujenga na kupanda mazao ya kudumu, kwa kuwa hawakujua kama mti watakaoupanda watauvuna wao. Amani ya moyo iliyojengwa na jembe iliyumbishwa na karatasi. Sharti la kuhama lilipoondolewa, na Rais Jakaya Kikwete alipoanza kugawa vyeti Oktoba 2014, miaka 42 ya kuitwa mgeni ilifikia mwisho kwa watu wengi ambao hawakuwahi kuiona Burundi.

Historia hii basi inatoa hukumu iliyo wazi. Warundi wa 1972 na waliowafuata 1993 hawakupona kwa kusahau, wala kwa kuhurumiwa. Walistahimili kwa mashamba, kwa kwaya, kwa matanga yaliyofika mwisho, kwa wazee wa kuamua, kwa ndoa na majirani, na pale walipozuiwa kimojawapo jeraha lilitafuta njia nyingine ya kutoka: chuki Mishamo, hofu Dar es Salaam, ukatili Lukole. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongomani na kupokea Warundi tena tangu 2015, inalea kizazi kilichozaliwa ndani ya mipaka yake. Wanaopanga maisha ya kambi hiyo, wizarani na katika mashirika, waanze na swali ambalo wahenga walishalijibu: siku ya tatu, mgeni huyu amepewa nini mkononi? Washauri wa kisaikolojia waongezwe, madaktari wa akili wafike, dawa zisikatike. Lakini soko lifunguliwe kwanza, kibali kiwe rahisi kupatikana, na mtu aachiwe kazi ya kufanya kesho asubuhi. Hilo liko ndani ya uwezo wetu, na tumewahi kulifanya.